Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mji wa Kale, Mombasa: wanaolala garini watie nanga wapi?

Waheshimiwa,

Kwenu mnaosimamia barabara na maegesho ya kisiwa hiki, na kwenu mliokabidhiwa turathi za Mji wa Kale. Assalamu alaykum, na kwa wasiokuwa Waislamu, hamjambo.

Barua hii imeletwa na egzosta. Kwa asiyeijua, egzosta ni lile lori la kunyonya choo. Mtaani kwetu haliji mchana, maana mchana ndia, yaani njia yetu ya mtaani, ina mikokoteni, tuktuk, watoto wanaotoka chuoni na wauza samaki. Huja alfajiri, watu wakishatoka msikitini, likiingia kinyumenyume huku taniboi akipiga bodi kwa kiganja kumwongoza dereva. Shimo letu lilikuwa limejaa tangu Jumatatu na siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo mwaweza kukisia jinsi lori lile lilivyongojewa. Likafika, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Penye kona, pale ndia inapobana, palikuwa na gari la kulalia: jeupe, refu kuliko sebule yetu, namba za Ujerumani, mapazia yamefungwa. Kutoka kioo chake cha pembeni ilivutwa kamba hadi kwenye nondo za dirisha la jirani, na juu ya kamba zimeanikwa taulo mbili na soksi.

Tukakusanyika watu saba, na hakuna aliyetaka kuanza. Gari lililozuia njia hupigiwa honi, hilo kila mtu alijua. Lakini nyumba yenye watu waliolala haipigiwi honi, na hii mbele yetu ilikuwa gari au nyumba? Mama ndiye aliyekata shauri kutoka dirisha la juu. "Si wamelala? Basi bisheni hodi." Nikabisha hodi mara tatu kama ipasavyo, na mlango ukafunguliwa na mzee wa umri wa marehemu baba yangu, nywele zimemsimama, ameshikwa na haya kuliko sisi. Nyuma yake mkewe alikuwa akitafuta miwani.

Walisema jioni iliyopita mtu aliyevaa koti la kung'aa aliwaonyesha kona ile, akawaambia ni salama, akachukua shilingi 1,000. Mtu huyo ni nani? Sisi wa mtaa hatumjui hadi leo. Mzee aliomba radhi, akakunja kamba yake, akawasha gari. Kabla hawajaondoka mkewe aliteremsha kioo akauliza: "Basi twende wapi?"

Saba sisi, wote tumezaliwa kati ya Kuze na Kibokoni, na hatukuwa na jibu. Mmoja akasema Nyali. Mwingine akasema kwenye kituo cha petroli, bila kutaja kipi. Wa tatu akasema warudi tu Bara. Injini ya egzosta inanguruma, harufu inaanza kupanda, na mama mtu mzima kutoka nchi ya mbali anangoja tumwambie mahali pa kulala usiku unaofuata.

Waheshimiwa, swali lake ndilo nililowaletea. Mie nimeshindwa kulijibu, na nikilifikiria sana naona halikuwa langu kulijibu.

Katiba yetu ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya barabara zao, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na pia kazi ya kuzoa taka. Jedwali hilo hilo limeiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu kwa taifa zima. Kwa hiyo gari likisimama usiku chini ya ukuta wa Ngome, yaani Fort Jesus, magurudumu yake ni ya ofisi moja na kivuli linachokitupa ukutani ni cha ofisi nyingine. Ndiyo maana nimewaandikia nyote wawili kwa karatasi moja, msije mkaniambia niende mlango wa pili.

Niseme kwanza ni kina nani hawa wanaolala garini, kwa sababu barazani watu huzungumza kana kwamba wote ni wazungu. Wako wazungu, kweli, wanaovuka Afrika kwa gari kutoka kusini kwenda kaskazini au kinyume chake. Mombasa huwavuta kwa bahari yake na kwa bandari yake pia. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, njia ya kupita Khartoum imekuwa mashaka matupu, na wapo wanaofika hapa kutafuta meli ya kubeba gari ivuke Bahari ya Hindi. Mtu anayengoja meli hana ratiba. Aweza kuambiwa kesho, ikawa wiki ijayo. Halafu kuna wenzetu wa Nairobi wanaokodi gari lenye hema juu ya paa, baba, mama na watoto wawili, wakateremka Pasaka, Agosti au Disemba. Hawa ndio naona wakiongezeka, na sioni ubaya. Wanatembea nchi yao.

Na kuna kundi la tatu ambalo watu hawalihesabu kabisa: madereva wa gari za watalii. Wateja wamelala hotelini, dereva amelala kwenye kiti chake amejifunika kikoi, kwa sababu pesa alizopewa za malazi ameona bora zifike nyumbani kwa watoto. Disemba moja nilikuwa nikirudi kutoka harusini saa tisa za usiku. Karibu na Ngome nikamkuta dereva wa aina hiyo amekaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, gurudumu la gari lake limetiwa mnyororo. Hatua ishirini tu kutoka pale lilisimama gari la kulalia la kigeni, limezima taa, halijaguswa na mtu. Waliofunga mnyororo ule siwataji, kwanza sikuwaona. Nasema tu kwamba kama ipo kanuni ya kutolala garini mahali pale, basi iangalie gari, isiangalie uso ulio ndani yake.

Sasa niwaambie kwa nini, baada ya yote hayo, sitaki wafukuzwe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali Bandari ya Kale. Alikulia zama ambazo kaskazi ikianza kuvuma, mwezi wa Disemba, majahazi makubwa, mabumu na masambuki, yaliingia kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yamebeba tende, chumvi, mazulia na papa mkavu, na hayakutoka mpaka kusi igeuke mwezi wa Aprili hivi, yakiwa na boriti za mikoko. Alisema kuna siku uliweza kuona milingoti mingi kuliko minazi. Na mabaharia wale, Waheshimiwa, walilala wapi? Walilala chomboni. Walipika chomboni, walifua nguo wakaanika kwenye kamba za tanga, walikaa wiki na miezi mbele ya madirisha yetu, na mji haukuona ajabu. Huu ni mji uliozoea wageni wanaokuja na nyumba zao kabla gari halijabuniwa.

Lakini haukuwazoea kiholela. Nakhodha aliijua nanga yake itue wapi. Alishuka na karatasi zake akaenda forodhani kabla hajashuka mtu mwingine. Palikuwa na mahali pa kuteka maji, na palikuwa na ushuru. Mabaharia walijua saa za kupanda mjini na mitaa ya kupita, na mwenye kukosa adabu alisemwa kwa nakhodha wake. Upepo ukigeuka, wakaondoka. Sisemi yote yalikuwa safi. Choo cha bumu kilikuwa kibanda cha mbao kilichoning'inia nyuma juu ya maji, na yaliyotoka humo yalikwenda baharini mchana kweupe. Hilo tusilirithi. Ila hata siku moja, babu alisema, hakusikia chombo kimetia nanga mlangoni mwa mtu.

Hilo ndilo lililotupotea. Magari haya ni vyombo visivyokuwa na bandari, na chombo kisichokuwa na bandari hukwama popote.

Na mahali vinapokwama sasa ni pabaya kuliko pote katika kisiwa. Mji wa Kale ni hekta 72 hivi. Ndia zake zilikatwa kwa kipimo cha watu wawili wanaopishana na punda mwenye mzigo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitandikwa reli nyembamba, watu wakubwa wakapanda vitroli vilivyosukumwa kwa mikono kupita Ndia Kuu. Hivyo ndivyo vyombo vya magurudumu vilivyotoshea, na hata hivyo babu wa babu zetu walilazimika kuvipisha. Gari la kulalia la kawaida lina urefu wa mita 6 au 7 na kimo cha karibu mita 3. Roshani zetu za mbao zimechomoza juu ya ndia. Tembeeni mkiangalia juu, mtaona pembe za roshani zilizokwanguliwa. Si zote zilikwanguliwa na magari haya, malori ya mizigo yana dhambi zaidi, lakini lori hupakua likaondoka.

Kuna la gesi, na hili ndilo linaloninyima usingizi mimi. Ndani ya magari mengi ya kulalia mna jiko na mtungi. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, ngazi za mbao, milango ya mbao, roshani za mbao, zimeshikana ubavu kwa ubavu. Moto ukizuka kwenye kona niliyoitaja mwanzo, gari la zimamoto halipiti, kwa sababu kilichoziba njia ndicho kinachowaka. Mtu haandiki barua baada ya jambo kama hilo.

Na kuna la sitara, ambalo mgeni halijui na pengine hata baadhi yenu mliokulia mitaa mipana hamlijui. Nyumba ya Kimvita imejengwa kuificha familia bila kuifunga. Mlangoni kuna daka, nje kuna baraza, dirisha la chini liko juu ya kichwa cha mpita njia. Jioni joto likizidi, wanawake hutoka kukaa barazani, na ndia ile nyembamba inakuwa kama ua wa nyumba nne au tano. Sasa weka hapo gari ambalo dirisha lake la kitandani linatazamana na baraza kwa umbali wa mkono. Mgeni hana nia mbaya. Yeye mwenyewe amekosa sitara: anaoga kwa kopo nyuma ya mlango ulio wazi, anapiga mswaki mbele ya watoto wa madrasa, anawasha injini usiku kucha ili apate ubaridi, na moshi unaingia kwa bibi mwenye pumu. Kila upande unamwonea haya mwenzake. Ramadhani hali hugeuka kichekesho kabisa, maana baada ya tarawehe ndia huamka upya, viazi karai na mishikaki na soga hadi daku, na maskini mgeni aliyelala saa tatu anadhani kumetokea ghasia.

Nimewaza pia kuhusu ule uwanja wa mbele ya Ngome, kwa kuwa ndio unaopendwa zaidi. Naelewa kwa nini. Ni pana, pana taa, na ukiamka unaona ukuta ulioanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati, na bahari inang'aa kando yake. Nani asingetaka? Lakini tangu 2011 Ngome imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia, na kinacholindwa si mawe peke yake. Ni kuweza kuiona. Mtoto wa shule aliyetoka Kwale au Taita kwa basi la alfajiri, akifika asubuhi akute mbele ya lango safu ya magari yenye taulo, ameibiwa kitu ambacho tiketi haiwezi kumrudishia.

Basi iwe wapi? Nitaanza na mahali ambapo isiwe, kwa sababu najua yatatajwa.

Isiwe Mama Ngina. Bustani ile ilipofunguliwa upya mwaka 2019 watu wa kisiwa hiki walirudishiwa ukumbi wao. Jumapili jioni chini ya mibuyu utakuta familia kutoka Majengo, Tudor na Likoni wanakula mihogo na madafu wakitazama meli zikiingia Kilindini. Ni ya bure na ni yetu, na kwa asiyekuwa na bustani nyumbani hakuna nyingine. Mkigawa sehemu yake kwa magari mtaanza na magari matano. Isiwe Makadara vilevile, kwa sababu hiyo hiyo.

Nataka kiwanja cha umma nje ya mipaka ya Mji wa Kale, kisichokuwa cha watoto kuchezea wala cha watu kupumzikia, ambacho tuktuk yaweza kukifikia kutoka Ngome kwa dakika kumi. Kwenye kisiwa au ng'ambo ya daraja la Nyali, sina ugomvi, nyinyi ndio wenye ramani na hati. Kitu cha kutazama si mandhari. Ni bomba na mtaro. Kiwanja hicho kisipokuwa na maji na njia ya maji taka ni bure kukifungua, kwa sababu magari haya hubeba choo ndani: kasha dogo linalochomolewa kama droo, na kila baada ya siku mbili tatu lazima limwagwe mahali. Mkiwa hamkuonyesha mahali, msiulize linamwagwa wapi. Sisi tunaokaa karibu na ngazi za kuteremkia baharini tunajua.

Vilivyobaki ni vidogo. Taa, bawabu wa kweli mwenye kitambulisho, mapipa ya taka, malipo ya simu yenye risiti ili koti la kung'aa lisiwe ofisi. Bei iwe moja kwa Mjerumani na kwa Mkikuyu na kwa dereva wa watalii, au kama lazima itofautiane basi dereva alipe kidogo kuliko wote, maana yuko kazini. Bauza la maji likija kule, lisiwe limeondolewa zamu ya mtaa. Mnajua wenyewe maji yanavyotufika kwa mgao, na hakuna jambo litakaloharibu mpango huu haraka kama mama mwenye ndoo kumi tupu kuona gari la mgeni likioshwa.

Na ndani ya Mji wa Kale pawe na kanuni fupi, iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza kwenye kibao kabla mtu hajaingia, pale anapoweza bado kugeuza: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hakuna kulala ndani ya gari lolote. Chini yake mshale na umbali wa kile kiwanja. Nawasihi msiweke chuma cha kuzuia kimo. Nimeona wazo hilo likisifiwa. Chuma kinachozuia gari la kulalia kitazuia ambulensi, zimamoto, na ile egzosta yetu.

Kuhusu muda, Wareno wana somo kwetu, na nasema hivi nikijua historia. Hao ni wageni waliokaa Ngome hadi Waomani wakawazingira karibu miaka mitatu na kuwatoa mwaka 1698, kisha wakarudi 1728, wakatolewa tena mwaka uliofuata. Leo kwao wao ndio wanaosumbuliwa na wasiotaka kuondoka. Mwezi Januari 2021 ilianza kutumika sheria iliyopiga marufuku kulala katika magari haya popote pasipoidhinishwa. Malalamiko yakawa mengi, na ilipofika Agosti mwaka huo huo wakaibadilisha. Maeneo ya hifadhi na ya pwani yanayolindwa yakabaki marufuku, lakini kwingineko, pale ambapo manispaa haina kanuni yake, gari la kulalia laweza kukaa hadi saa 48 katika manispaa moja. Walijaribu kufukuza tu, wakagundua kwamba anayefukuzwa bila kuonyeshwa pa kwenda huhamia mtaa wa pili. Yule mzee naye, tulipokuwa tukinywa kahawa, aliniambia kwao Ujerumani dereva aliyechoka haruhusiwi kupiga kambi kando ya barabara lakini anaruhusiwa kulala usiku mmoja garini mpaka apate nguvu za kuendesha tena. Nikapenda hilo. Usiku mmoja kwa aliyechoka, mbili kwa anayetembea, na kwa anayengoja meli mpango maalumu wa wiki. Kwa bei inayomkumbusha kwamba hajahamia.

Wenye hoteli ndogo na nyumba za kulala wageni watapinga. Watasema mnawapa watu malazi rahisi wakati vyumba vyao vitupu. Nawaelewa, na shemeji yangu ni mmoja wao, tutaonana Idi. Lakini anayetoka Cape Town na kitanda chake hakodishi kitanda, hata umfukuze mara ngapi. Wenye maduka ya vinyago na vikoi watasema kinyume, kwamba wageni hawa huacha pesa na wasiguswe. Mimi nilimwona mzee na mkewe siku ile: mahamri na mbaazi, vikoi viwili, tiketi za Ngome, tuktuk kutwa nzima, samaki wa kupaka jioni. Si pesa za hoteli kubwa, ila ziliingia mikononi mwa watu ninaowajua kwa majina. Hata hivyo, wangekuwa hawakuacha hata ndururu, ningeandika barua hii hii. Hoja yangu ni mahali gari linaposimama saa nane za usiku.

Nitangulie kusema na hili, kwa sababu mtaniambia. Sisi wenyewe si malaika. Katika ndia ile ile kuna gari la jirani ambalo halijawashwa tangu mtoto wake wa mwisho azaliwe, na mtoto sasa yuko darasa la pili. Kuku hulala ndani yake, kwa hiyo hata hilo ni gari la kulalia. Kuna mikokoteni iliyofungwa minyororo kwenye nguzo za taa, kuna pikipiki zilizopangwa mbele ya mlango wa msikiti, na mimi mwenyewe, usiku wa mvua, nimewahi kuegesha pale nisipostahili. Mkija kusafisha, anzeni na sisi. Mgeni akikuta ndia iko wazi ataelewa hata asiposoma kibao. Sasa hivi anachokiona ni mji ambao kila mtu anaweka chochote popote, naye anafanya kama wenyeji.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu. Kabla hamjaamua, njooni mtuulize, na msitualike ukumbini saa nne asubuhi siku ya kazi, tukaandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio kisha tukapewa soda. Njooni usiku. Njooni baada ya isha, Alhamisi yoyote, mkiwa na tepu ya kupimia. Tutaanzia kwenye lango la Ngome, tupite Ndia Kuu hadi msikiti wa Mandhry, turudi kwa njia ya Kuze. Nitamwomba dereva wa egzosta awe nasi. Yeye anazijua pembe zote za mji huu kwa kipimo cha bampa lake, na anadai kuna kona tatu ambazo hata gari dogo likilala tu, nyumba arubaini hazipati huduma. Mimi nazijua mbili. Kahawa itakuwepo, na kashata.

Wenu,
Mkaazi wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa